Katriji, tenki au leza? Hesabu ya printa ya nyumbani kwa sisi tulio Lamu

Jirani yangu hapa Langoni alinipigia simu juzi yuko Mombasa, amesimama dukani mbele ya printa ya rangi ya elfu saba na mia tano, ina skana, ina wai-fai, akaniuliza "dada, nichukue?" Nikamwambia ngoja kwanza, muulize muuzaji katriji yake nyeusi, yaani kile kisanduku cha wino, ni pesa ngapi na inatoa peji ngapi. Akauliza. Elfu mbili, peji 120. Haya gawanya hapo hapo kwa simu yako. Inakuja shilingi 16 na senti 67 kwa kila peji, na karatasi bado hujanunua, na hapa mtaani saiba wanatutoza shilingi 10 peji nyeusi na karatasi ni yao. Yaani angebeba mzigo ule mpaka Mokowe, auvushe kwa boti, auweke mezani kwake, halafu awe analipa karibu mara mbili ya anachomlipa kijana wa saiba sai.

Ndiyo maana nimeamua kuandika yote kwa urefu, manake si yeye peke yake anayeniuliza, tangu mtaala wa CBC uingie mashuleni 2019 kila mzazi ana hii shida, mtoto anarudi jioni na kazi ya kuprinti picha za wanyama au ramani, na mimi pia nina watoto wawili shule na darasa la madrasa wikendi la kuwatengenezea karatasi za herufi. Nimeshamiliki printa za aina mbili, ya tatu iko kwa dadangu Malindi na nimeitumia sana likizo, kwa hivyo naongea kitu nilichokishika kwa mkono.

Jambo la kwanza kabisa, kabla ya kampuni, kabla ya rangi, kabla ya wai-fai: hesabu unaprinti peji ngapi kwa mwezi. Usikisie. Chukua daftari, andika mwezi mzima kila ulichoprinti saiba, nyeusi ngapi, rangi ngapi. Mimi nilidhani naprinti kama mia mbili, nilipoandika nikapata sabini tu, arubaini nyeusi na thelathini rangi. Hiyo namba ndiyo itakayokuchagulia printa, si muuzaji.

Sasa tuzilinganishe.

KATRIJI

Hizi ndizo zile za bei ya chini dukani, HP DeskJet ndogo ndogo, Canon PIXMA za kawaida na kadhalika. Bei ya mashine ni ya kuvutia kwa sababu kampuni inapata faida yake kwenye wino, sio kwenye mashine, biashara hii iko hivyo miaka mingi na wala si siri. Chukua mfano wa HP 305, ile nyeusi ndogo imeandikwa peji 120, ya rangi peji 100, na ile nyeusi kubwa, XL, peji 240. Peji 120 ni nini kwa mwenye watoto wawili? Muhula haujaisha ushanunua ya pili.

Halafu kuna hili la rangi. Katriji ya rangi ina vyumba vitatu ndani, bluu, waridi na manjano, kikiisha kimoja umekwisha wote, mtoto akichora bahari na mbingu wiki mbili bluu inaisha na ile manjano iliyobaki unaitupa nayo. Inauma.

Nikiisema vizuri, ina kitu kimoja kizuri: nyingi hedi yake, ile sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, imo ndani ya katriji yenyewe, kwa hivyo wino ukikauka ukaziba, ukinunua katriji mpya umepata hedi mpya, mashine haifi. Na kuna wanaojaza kwa sindano, nilijaza mimi zaidi ya mara moja, mara ya kwanza ikakubali vizuri, ya pili ikatoa mistari, ya tatu ikavuja ndani ya mashine na ndio ukawa mwisho wake. Kujaza kunawezekana lakini ujaze kabla haijakauka kabisa, ukingoja iwe tupu siku kadhaa umechelewa.

Tahadhari nyingine kwa wale wenye ndugu Ughaibuni wanaoletewa printa kutoka Dubai au Uingereza: kuna printa zinazofunga katriji kwa eneo, ya Ulaya inaweza kukataa katriji inayouzwa hapa. Na zile HP ambazo jina linaishia na herufi "e", ukikubali ule mpango wao wa HP+ wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, itataka intaneti muda wote na wino orijino maisha yake yote. Soma kabla hujabonyeza kukubali.

TENKI

Hizi ndizo zenye vidimbwi vya wino ubavuni unaviona kwa macho, unajaza kwa chupa. Epson EcoTank (L3210, L3250 na ndugu zake), Canon PIXMA za G, HP Smart Tank, Brother za DCP-T. Mashine ni ghali, hapa tuseme elfu ishirini na tano, lakini angalia wino. Chupa ya Epson 103 nyeusi ni mililita 65 na imeandikwa peji 4,500, na chupa tatu za rangi pamoja zinatoa peji 7,500. Canon G2411 na G3411 zinatumia GI-490, nyeusi ni mililita 135, peji 6,000, rangi 7,000. HP Smart Tank nayo chupa nyeusi ya mililita 135 ni peji 6,000.

Tuseme chupa moja ni elfu moja na mia tano. Gawanya kwa 4,500. Senti 33. Senti, nduzangu, ukilinganisha na zile shilingi 16. Ongeza karatasi, rimu ya karatasi 500 kwa shilingi 700 ni shilingi 1 na senti 40 kila moja, jumla peji nyeusi ya nyumbani ni kama shilingi 1 na senti 73. Ya rangi, ukijumlisha chupa zote nne, inakuja kama shilingi 2 na senti 33. Weka bei za duka lako wewe, hesabu ni ile ile.

Chupa za kwanza zisikushtue zikiisha mapema, wino mwingine unakwenda kujaza mipira ya ndani inayopitisha wino siku ya kwanza, inatokea mara moja tu.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu, na nitakaa kidogo manake tenki ndiyo watu wengi wataishia kununua. Tenki inataka itumike. Hedi yake ina vitundu vidogo sana visivyoonekana, wino ukikaa bila kupita unakauka pale mdomoni, na hapa kwetu kuna joto, kuna upepo wa bahari wenye chumvi, kuna lile vumbi la chokaa linaloshuka kutoka ukutani kwenye hizi nyumba zetu za mawe. Printi angalau peji moja ya rangi kila wiki, hata kama huna kazi, mpe mtoto picha ya ua. Ifunike na kitambaa, usiiweke dirisha la baharini.

Na zima kwa kitufe cha printa yenyewe, USIZIME UKUTANI. Ukizima kwa kitufe hedi inarudi kwenye kona yake na kufunikwa kifuniko chake, ukikata stima ghafla inaweza kubaki wazi katikati. Stima ikipotea wakati unaprinti, ikirudi tu iwashe halafu uizime vizuri. Lakini usiiwashe na kuizima mara kumi kwa siku, manake kila ikiwaka inaweza kujisafisha na wino wako unakwenda.

Peji zikianza kutoa mistari, kwanza fanya ile ya kukagua vitundu, inatumia wino kidogo tu, ukiona mistari imekatika ndipo usafishe hedi. Mara moja, kagua. Mara ya pili, kagua. Mara ya tatu ikikataa ACHA, iache masaa 12, ujaribu kesho. Nimeona mtu akisafisha mara nane mfululizo usiku mmoja, akamaliza robo ya tenki kwa kuogopa. Na ule wino wa kusafishia unaingia kwenye sponji iliyo tumboni mwa printa, ikijaa mashine inagoma na kukuandikia iende kwa fundi. Kwenye L3210 na L3250 sponji hiyo si ya kubadilisha mwenyewe, kuna modeli nyingine zina kisanduku unachomoa na kuweka kipya, ukiwa mbali na mafundi kama sisi hiyo ni sifa ya kuulizia dukani kabla ya wai-fai.

Kuna jambo lingine wauzaji hawalisemi. Wino mweusi wa Epson 103 ni wa maji, yaani rangi iliyoyeyuka ndani ya maji, ule wa Canon GI-490 na wa HP Smart Tank mweusi ni wa chembechembe zinazokaa juu ya karatasi. Ukiwa Nairobi ofisini pengine hutojali. Ukiwa unabeba fomu kwenye boti kutoka Lamu kwenda Mokowe na mawimbi ya kusi yanakurushia maji, utajali sana. Wa chembe unastahimili tone la maji, wa maji unatambaa jina lako lote. Kama kazi yako ni barua na fomu chagua chembe, kama ni picha za watoto zote sawa. Na usichanganye, usimimine wino wa aina nyingine kwa sababu tu duka limeishiwa. Canon na HP hizo pia hedi zake zinachomoka na kununuliwa mpya, ikiziba kabisa hujapoteza mashine.

Na usiache wino ushuke chini ya ule mstari wa chini kwenye tenki. Hewa ikiingia kwenye mipira, kazi yake ni kubwa.

LEZA

Leza haina wino wa maji, ina tona, ni unga, na unga haukauki. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko kasi wala nini. Unaweza kuiacha miezi mitatu ukaenda Makka ukarudi ukabonyeza ikatoa peji safi ya kwanza kabisa. Dadangu Malindi anaprinti kwa vipindi, mwezi mtupu halafu wiki moja peji mia tatu za mitihani, tenki ingemsumbua, leza haijamsumbua. Na tona haitambai na maji hata kidogo.

Ubaya wake ni kwamba zile za bei ya nyumbani ni nyeusi tu. Leza za rangi zipo lakini ni tona nne, ukipiga bei ya zote nne utakaa chini. Tona ya HP 85A inayotumiwa na LaserJet P1102, ile ndogo iliyojaa masaiba, ni peji 1,600. Kyocera P2040dn tona yake TK-1160 ni peji 7,200 na dramu yake, ile silinda inayopaka unga kwenye karatasi, ni ya kukaa mpaka peji 100,000, ndiyo maana wenye kazi kubwa wanazipenda, lakini kwa nyumba ni jumba la mashine.

Tona orijino tuseme elfu nane kwa peji 1,600, ni shilingi 5 kwa peji. Ya kampuni nyingine tuseme elfu mbili, ni shilingi 1 na senti 25. Kwa leza nyeusi mimi sioni ubaya wa tona ya pembeni ukinunua kwa mtu atakayekubali uirudishe ikimwaga unga. Kwa tenki sina moyo huo, wino mbaya unaziba hedi na chupa orijino tayari ni bei ya chini, unaokoa nini?

Stima. Leza inapika unga uyeyuke kwenye karatasi, inavuta mamia ya wati wakati inaprinti, tenki inavuta kama taa moja, wati kumi na kitu. Kwa tokeni za nyumbani tofauti si ya kukuumiza kwa peji sabini, lakini kwa ndugu zetu wa Pate na Faza wanaotumia sola na inveta ndogo, leza itaiangusha inveta ile, chukua tenki. Wala leza usiichomeke kwenye yupiesi ya kompyuta, lile boksi la betri ya akiba.

Na unyevu. Karatasi zetu zinanyonya unyevu hasa masika, leza ikizipitisha kwenye joto zinajikunja na kukwama. Rimu ikifunguliwa, funga iliyobaki kwenye mfuko wa plastiki. Usiache karatasi 100 kwenye trei wiki nzima, weka unazohitaji.

SASA HESABU YA KURUDISHA PESA

Hapa nduzangu kuweni makini, manake printa ya wino wa bei rahisi pia inaweza kuwa hasara.

Tenki ya elfu 25. Kila peji nyeusi unaokoa kama shilingi 8 na robo ukilinganisha na saiba. Kurudisha elfu 25 ni lazima uprinti kama peji 3,000. Ukiprinti 30 kwa mwezi ni zaidi ya miaka minane. Hiyo usinunue, nenda saiba na moyo mweupe. Ukiprinti 250 kwa mwezi ni mwaka mmoja umemaliza.

Lakini rangi inageuza kila kitu. Saiba ya kwetu rangi ni shilingi 30, nyumbani ni kama 2 na kitu, unaokoa karibu 28 kwa peji moja. Zile sabini zangu, arubaini nyeusi na thelathini rangi, zinaniokolea kama 1,160 kwa mwezi, kwa hivyo elfu 25 inarudi chini ya miaka miwili. Ndivyo nilivyoamua kununua tenki na sijajuta.

Leza ya elfu 18 na tona ya pembeni, peji na karatasi yake ni kama shilingi 2 na senti 65, inarudisha pesa kwa kama peji 2,450. Kwa tona orijino ni peji 5,000. Kwa mwalimu hiyo ni miezi michache, kwa nyumba ya kawaida ni miaka.

Katriji ya elfu saba na mia tano hairudishi kamwe, kila peji ni hasara juu ya saiba, ukiprinti sana ndio unapoteza sana. Naiona ina kazi kwa mtu mmoja tu, yule aliye mbali na saiba kabisa na anaprinti peji tano kwa mwezi, na hata huyo leza kuukuu nzima ingemfaa zaidi.

Pesa si kila kitu najua. Saa tatu usiku mtoto anakumbuka kazi ya kesho na saiba imefungwa, utulivu huo nao una bei yake, ila ujue unaulipia.

KUOKOA WINO ULIONAO

Kubwa kuliko zote: picha za WhatsApp. Walimu wanatuma kazi kama picha ya simu, ile karatasi kwa macho ni nyeupe lakini kwa printa ni kijivu, na kijivu chote kile ni wino. Ipitishe kwanza kwenye apu ya kuskani iitoe nyeupe kabisa, utaona peji iliyokuwa inalowa inatoka kavu. Na ukiprinti skrinshoti ya simu iliyo kwenye mandhari nyeusi, umemwaga wino wa peji ishirini kwa peji moja. Zile peji 4,500 za kwenye chupa zinapimwa kwa peji za kawaida zenye maandishi, si picha iliyojaa karatasi nzima.

Chagua nyeusi peke yake kwenye mipangilio hata kama maandishi ni meusi, manake printa nyingi zinachanganya rangi kutengeneza nyeusi bila kukuambia. Tumia drafti, ule mpangilio wa wino kidogo, kwa mazoezi, ile ya kawaida kwa barua. Peji mbili kwenye karatasi moja kwa kazi za watoto wakubwa. Fonti nayo, Chuo Kikuu cha Wisconsin–Green Bay kule Marekani mwaka 2010 kilihama kutoka Arial kwenda Century Gothic kwa sababu herufi zake ni nyembamba na zinakula wino kidogo, lakini ni pana, ikikusukuma kwenye karatasi ya pili umepoteza ulichookoa. Kwa tenki wala sijisumbui na fonti, karatasi ndiyo ghali kuliko wino. Kwa katriji jisumbue.

Jirani yangu mwishoni alichukua tenki yenye nyeusi ya chembe, yeye na dada yake nyumba ya juu wakachanga nusu kwa nusu, manake peji zao pamoja zinapita mia moja na nyingi ni za rangi. Nikamwambia usimruhusu muuzaji akujazie wino dukani eti akujaribishie. Printa ya tenki ikishajazwa haipendi kulala ubavu, na kutoka Mombasa mpaka Mokowe ni basi, kisha boti, kisha mkokoteni mpaka mlangoni, ikilazwa mara moja wino unamwagika ndani na ushaiua kabla haijaprinti. Iende ikiwa tupu kwenye boksi lake, chupa zimesimama wima ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ijazwe ikiwa imeshakaa pale mezani itakapokaa.